Laxton: Kijiji cha Uingereza Kinachofuata Bado Desturi ya Kulima kwa Ngwe

Katika masomo ya jiografia watoto wetu hujifunza habari za miji mikubwa ya Uingereza, na viwanda vyake, na bandari zake; bali vijiji vya nchi ile havitajwi sana, na desturi za wakulima wake hazitajwi kabisa. Kwa hiyo wanafunzi wengi, na walimu wengi pamoja nao, hudhani kwamba Mwingereza tangu asili alikuwa na shamba lake peke yake, limezungushiwa ua, na kwamba mambo ya kugawanya ardhi kwa ngwe, na kuchunga pamoja, na kuamuliwa na wazee mipaka ya makonde, ni mambo ya Waafrika tu. Dhana hiyo si kweli. Tumeona vema kueleza hapa habari za kijiji kimoja kidogo, jina lake Laxton, ambacho kimefuata mpaka leo desturi iliyokuwa zamani desturi ya sehemu kubwa ya Uingereza.

1. Nchi yenyewe

Laxton ni kijiji cha jimbo la Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, yapata maili 130 kaskazini ya London. Upande wa mashariki, mwendo wa saa chache kwa miguu, hupita mto Trent. Upande wa magharibi ni nchi ya mchanga iliyokuwa zamani msitu wa mfalme, uitwao Sherwood. Kijiji chenyewe kimesimama juu ya vilima vya chini, na vijito vidogo hupita katikati ya vilima hivyo.

Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito, mwekundu. Wakati wa mvua hushika miguu na magurudumu. Wakati wa jua hukauka ukawa mgumu kama tofali. Ni udongo unaofaa ngano, lakini humtesa mkulima. Msomaji aukumbuke udongo huu, maana tutaona kwamba sehemu kubwa ya desturi za kijiji imetoka humo.

Nyumba za wakulima hazikutawanyika mashambani kama ilivyo desturi katika sehemu nyingi za Uingereza ya leo. Zimepangana kando ya barabara, bega kwa bega, na ghala na mazizi ziko papo hapo kijijini. Nyuma ya kila nyumba kuna kiwanja kirefu na chembamba, na nyuma ya viwanja ndipo yanapoanza makonde makubwa. Mgeni asimamaye pembeni mwa kijiji huona nchi iliyo wazi, haina ua wala ukuta, imefika mpaka upeo wa macho, naye hushangaa, kwa kuwa vijiji vya jirani vimejaa nyua za miti.

2. Jina la kijiji na wenyeji wake wa zamani

Wajuao Kiingereza cha kale husema kwamba jina Laxton maana yake ni mji wa watu wa Leaxa. Leaxa alikuwa mtu, ambaye habari zake zimepotea, limebaki jina tu. Mwisho wa jina, yaani -ton, ni neno la kale lililokuwa na maana ya boma au uwanja wenye ua, kisha likawa na maana ya makao ya watu, na kutoka humo limetokea neno la Waingereza la siku hizi kwa mji. Sisi nasi twalijua badiliko la namna hiyo, maana neno boma lilikuwa ni ua wa miti na miiba, kisha likawa makao ya serikali.

Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakaishinda Uingereza. Na mwaka 1085 mfalme wao William aliamuru ardhi ihesabiwe na kuandikwa katika kitabu. Laxton imo katika kitabu hicho. Kabla ya Wanormani bwana wa nchi alikuwa Toki, ambalo ni jina la Kidenmark, kwa kuwa Wadenmark walikuwa wamekaa sana katika sehemu zile. Na baada yake nchi alipewa Geoffrey Alselin, mmoja wa watu wa mfalme mpya. Basi mabwana walibadilika kwa siku moja, lakini wakulima walibaki pale pale na majembe yao.

Mabwana waliofuata walijenga ngome kaskazini ya kijiji: kilima cha udongo kilichoinuliwa kwa mikono ya watu, na handaki pande zote. Mawe na miti yake vimekwisha toweka, lakini kilima kiko hata leo. Ukoo wa Everingham, waliokuwa walinzi wa msitu wa Sherwood kwa urithi, walikaa hapo katika karne ya 13, na sanamu za makaburi yao zimo katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Moja ni sanamu ya mwanamke, iliyochongwa kwa mti katika karne ya 14. Tena katika karne ile ile ya 13 walitoka katika kijiji hiki ndugu wawili waliokuwa wakuu katika kanisa: Henry wa Lexington (ndivyo jina la Laxton lilivyoandikwa zamani), aliyekuwa Askofu wa Lincoln hata alipokufa mwaka 1258, na Stephen nduguye, aliyekuwa Abati wa Clairvaux katika Ufaransa.

3. Desturi ya makonde matatu

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Makonde makubwa ya Laxton ni matatu: Konde la Magharibi, Konde la Kusini, na Konde la Kinu. Kila moja ni kubwa sana, wala halina ua ndani yake. Lakini konde si mali ya mtu mmoja. Limegawanyika kwa vipande virefu na vyembamba, na kila mkulima ana vipande vyake hapa na pale katika makonde yote matatu, vimechanganyika na vya wenzake.

Kiswahili kina neno lifaalo kabisa kwa vipande hivi, nalo ni ngwe. Asili ya neno hilo ni ugwe, yaani kamba. Na ngwe ni kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba akapewa mtu kulima. Mwingereza hana neno moja zuri kama hili. Husema tu kipande chembamba. Basi katika maelezo haya tutasema ngwe.

Mpango wa kulima ni huu. Mwaka wa kwanza konde moja hupandwa ngano, wakati wa majani kupukutika, yapata mwezi wa Oktoba, na ngano hukaa ardhini katika baridi yote, ikavunwa mwezi wa Agosti. Mwaka wa pili konde lilo hilo hupandwa mazao ya muda mfupi, kama shayiri au maharagwe, baada ya baridi kwisha. Mwaka wa tatu konde hupumzishwa. Halipandwi nafaka, na zamani wanyama wa kijiji kizima walifunguliwa humo, wakala magugu na kutia samadi. Siku hizi wakulima hupanda majani ya mifugo katika konde lipumzikalo. Makonde matatu hupokezana hivyo, hata kila mwaka moja lina ngano, moja lina mazao ya pili, na moja limepumzika.

Msomaji atauliza: Kwa nini mtu asiwe na shamba lake lote mahali pamoja? Jibu liko katika hesabu. Kama ngwe zote za mtu zingekuwa katika Konde la Kusini tu, basi mwaka wa konde hilo kupumzika mtu huyo angelala njaa na watoto wake. Hana budi awe na sehemu katika kila konde. Tena ardhi haifanani: mahali pengine pana rutuba, pengine maji hutuama, pengine ni mbali na kijiji. Kutawanya ngwe ni kugawanya wema na ubaya wa nchi, ili asiwepo mwenye kupata yaliyo mema peke yake.

Bwana C. S. Orwin na mkewe, waliotoa kitabu chao juu ya makonde ya Laxton mwaka 1938, waliongeza sababu nyingine, nayo ni plau. Plau ya zamani iliyofaa mfinyanzi mzito ilikuwa chombo kizito, ikivutwa na ng'ombe wengi. Watu maskini hawakuweza kila mmoja kuwa na plau yake na ng'ombe wake. Walichangiana, huyu akatoa ng'ombe, yule akatoa chuma. Na kazi ya siku moja ilipokwisha, ilikuwa haki kila mchangaji apate sehemu yake katika ardhi iliyolimwa. Basi ngwe zikafuatana kama siku zilivyofuatana. Tena ng'ombe wengi waliofungwa pamoja hawageuki upesi, na kwa hiyo ngwe zikawa ndefu, ili wageuzwe mara chache. Na kwa kuwa walianza kuzunguka kabla ya kufika mwisho, ngwe nyingi za zamani zilipindika kidogo kama upinde.

Hapa tuseme neno juu ya vipimo, maana walimu wa hesabu huvifundisha bila kujua asili yake. Kipimo cha Kiingereza kiitwacho "furlong", ambacho ni yadi 220, au sehemu ya 8 ya maili, maana yake ni urefu wa mfuo, yaani mfuo mmoja wa plau. Na ekari, neno tulilolipokea sisi katika Kiswahili na kulitumia kila siku, asili yake ni neno la kale la shamba. Kisha likawa kipimo cha ardhi iliyolimwa kwa siku moja na ng'ombe wa plau moja: urefu yadi 220, upana yadi 22, jumla yadi za mraba 4,840. Basi mwalimu wa Dodoma au Nyeri akiandika ubaoni "ekari 1", ameandika, pasipo kujua, kazi ya siku moja ya ng'ombe wa Kiingereza.

Kati ya ngwe na kando ya vijito kuna vipande vya majani ambavyo plau haiwezi kuvilima, kwa kuwa ni chepechepe au vina mteremko. Wenyeji huviita kwa neno la kale lenye maana ya kijito. Vipande hivyo si vya mtu mmoja. Kila mwaka majani yake huuzwa kwa mnada mbele ya watu, na fedha hugawanywa kwa wale wenye haki ya malisho ya pamoja.

4. Baraza la kijiji

Desturi kama hii haiwezi kudumu siku mbili pasipo hukumu. Mtu akivutwa na tamaa, akasogeza plau yake futi moja tu katika ngwe ya jirani, na mwaka wa pili futi nyingine, baada ya miaka michache amekula shamba la mwenziwe. Ndiyo sababu Laxton ina baraza lake.

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Novemba, watu 12 walioapishwa, na mkubwa wao pamoja nao, huenda kulikagua konde lililopandwa ngano. Hutembea ngwe kwa ngwe. Hutazama kama mipaka ni sawa, kama mtu amelima njia ya wote au majani ya wote, kama mifereji imezibuliwa. Wakiona mpaka haujulikani, hupima na kupigilia kigingi. Wakiona kosa, huandika jina la mkosaji na kadiri ya faini. Kisha hula chakula pamoja.

Baada ya juma moja baraza lenyewe hukutana katika nyumba ya vinywaji ya kijiji, mbele ya wakili wa bwana mwenye nchi. Majina ya watu huitwa. Asiyefika pasipo udhuru hutozwa faini, japo ni senti chache. Waliotajwa kwa makosa yao huweza kujitetea, kisha faini huthibitishwa au kupunguzwa. Mwisho huapishwa watu 12 wengine, ambao mwaka ujao watakagua konde litakalokuwa na ngano zamu ile.

Tuangalie jambo moja hapa. Wanaokagua ni wakulima wenyewe, na ngwe zao zimo katika makonde yayo hayo. Mwaka huu Fulani humkagua jirani yake. Mwaka kesho jirani humkagua Fulani. Faini ni ndogo, wala haimfukarishi mtu. Lakini kusomwa jina mbele ya majirani ni jambo zito kuliko fedha. Wazee wetu, ambao huwatoza wakosaji mbuzi au pombe inywewe na wote, hawatahitaji kufafanuliwa neno hili.

Mabaraza kama haya yalikuwa mengi zamani katika Uingereza. Mengi yalikufa yenyewe, na mwaka 1977 sheria ya Bunge iliondoa mamlaka ya hukumu katika yale yaliyosalia. Lakini sheria iyo hiyo ililiacha baraza la Laxton na mamlaka yake, kwa sababu makonde yake yangali yakilimwa kwa desturi ya zamani.

5. Jinsi nyua zilivyoenea, na kwa nini Laxton ilisalia

Kama desturi hii ilikuwa ya nchi nyingi, imekwenda wapi? Imeliwa na nyua. Tangu karne ya 15, na hata kabla yake, wenye nchi walianza kuzikusanya ngwe, wakazungushia ua, na wengine wakafuga kondoo palipokuwa na wakulima. Baadaye jambo lilifanywa kwa sheria. Kati ya mwaka 1604 na mwaka 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kutia nyua, na ardhi iliyofungwa kwa sheria hizo ilikuwa ekari milioni 6.8. Kila sheria ilikuwa ya mahali pake: wapimaji walikuja, wakafuta ngwe zote, wakampa kila mwenye haki kipande kimoja badala ya vipande vingi, na ardhi ya malisho ya pamoja ikagawanywa pia.

Ni haki tueleze hoja za pande zote mbili. Waliotaka nyua walisema kwamba mtu mwenye ngwe thelathini mahali thelathini hupoteza siku zake njiani. Kwamba magugu ya mvivu humwaga mbegu katika ngwe ya mwenye bidii. Kwamba mifugo ikichungwa pamoja huambukizana magonjwa. Na kwamba mtu mwenye akili hawezi kujaribu zao jipya, maana lazima apande kama wenzake wapandavyo. Hoja hizi ni za kweli, wala hatuwezi kuzikana. Na mavuno yaliongezeka katika mashamba mengi yaliyotiwa nyua.

Lakini maskini walisema neno jingine. Mtu aliyekuwa na kibanda, na ng'ombe mmoja, na haki ya kumchunga katika ardhi ya wote, mara nyingi hakuwa na hati ya kuonyesha mbele ya wapimaji. Akapewa kipande kidogo kisichoweza kulisha ng'ombe, au hakupewa kitu. Gharama ya ua na ya wapimaji ilimshinda, akauza. Akawa kibarua katika nchi aliyokuwa na sehemu ndani yake, au akaenda mjini. Arthur Young, mwandishi mashuhuri wa mambo ya kilimo, alikuwa mtetezi mkubwa wa nyua katika sehemu kubwa ya maisha yake. Lakini mwaka 1801 alitoa kijitabu akitaka maskini wapewe ardhi, kwa kuwa aliona hasara iliyowapata.

Basi kwa nini Laxton ilisalia? Si kwa sababu wenyeji walikuwa watakatifu, wala si kwa sababu hawakujaribiwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya kijiji hiki ilitiwa ua kidogo kidogo, na makonde matatu yaliyobaki leo hayafiki ekari 500. Twaweza kuutazama mwanzo wa habari hiyo kwa macho, maana mwaka 1635 Sir William Courten, mfanya biashara wa London aliyekuwa amenunua nchi hiyo, alimwamuru mpimaji Mark Pierce achore ramani ya kijiji. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Kila ngwe imechorwa, na pamoja na ngwe wamechorwa watu wadogo wadogo wakilima, na kuvuna, na kuwinda. Aliyeishika akasimama katika Konde la Magharibi leo aweza kuitambua nchi.

Baada ya Courten nchi iliingia katika mikono ya ukoo wa Pierrepont, walioitwa baadaye Earl Manvers. Lakini bwana huyu hakuwa na ardhi yote. Alikuwapo bwana mwingine, Earl wa Scarbrough, ambaye ngwe zake zilichanganyika na za mwenziwe, na walikuwapo pia wakulima wenye ardhi yao wenyewe. Kutia nyua kulihitaji mapatano, na mapatano hayakupatikana. Tena kulihitaji fedha nyingi, na mfinyanzi ule mzito haukuahidi faida kubwa. Miaka ikapita. Mwanzoni mwa karne ya 20, badala ya kuziondoa ngwe, Earl Manvers alizipanga upya, akaziunganisha zikawa chache na kubwa zaidi. Kwa hiyo ngwe za leo si nyembamba kama zile za Mark Pierce. Desturi imeishi kwa kuwa imekubali kubadilika.

6. Serikali mbili katika serikali moja

Mwaka 1952 Earl Manvers wa mwisho aliiuza nchi ya Laxton kwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, na wizara iliinunua kusudi makonde na baraza vihifadhiwe. Hapa hatuna budi kutaja jambo ambalo wasomaji wetu wa Kenya watalielewa upesi.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka uo huo, 1952, ilitangazwa Hali ya Hatari katika Kenya. Mwaka 1954 ulitolewa mpango wa kilimo uliopewa jina la R. J. M. Swynnerton, wa Idara ya Kilimo. Mpango ule ulisema kwamba vipande vya ardhi vya Waafrika, vilivyotawanyika huku na huko, vikusanywe pamoja, kila mtu apewe shamba moja lenye mipaka na hati. Hoja zake ni zile zile tulizozieleza juu: mtu hupoteza siku zake njiani, hawezi kutunza udongo, hawezi kupanda mazao ya biashara. Kazi ikafanywa upesi katika nchi ya Wakikuyu, wakati watu wengi walipokuwa kizuizini na hawakuweza kusimama mbele ya kamati kutetea vipande vyao.

Hatusemi kwamba wote waliofanya kazi ile walikuwa na nia mbaya, wala kwamba hakuna aliyenufaika. Wako wengi waliopanda kahawa na chai katika mashamba yale wakasomesha watoto wao. Lakini ni jambo la kufikiri sana, kwamba katika miaka ile ile serikali ya Uingereza ilitoa fedha kuhifadhi ngwe za kijiji kimoja cha kwao kama hazina ya historia, na serikali yake ya Kenya ilizifuta ngwe za maelfu ya watu kama kizuizi cha maendeleo. Mkikuyu mzee aliyetoka kizuizini akakuta mipaka ya baba yake imekwisha ng'olewa, na Mwingereza maskini wa karne ya 18 aliyekuta wapimaji wamekwisha pita, wangalielewana pasipo mkalimani.

Wala hatusemi kwamba Laxton ni mfano wa kuigwa kama ulivyo. Wakulima wake leo hutumia matrekta, na trekta haipendi ngwe. Kila mmoja ana mashamba mengine yaliyotiwa ua, na riziki yake hutoka zaidi huko. Ngwe huzilima kwa kuwa ni sharti la upangaji wake na fahari ya kijiji chake. Mwaka 1981 wizara iliihamisha nchi ile kwa Milki ya Taji, na mwaka 2020 ikarudi katika milki ya Thoresby, yaani ile ya wazao wa mabwana wa zamani. Kila mara mwenye nchi alipobadilika, watu waliuliza kama baraza litakutana tena. Mpaka sasa limekutana.

7. Neno kwa walimu

Twaona mambo mawili yawafaayo wasomaji wetu. La kwanza ni la darasani. Mwalimu afundishapo habari za kilimo, asiwaambie watoto kwamba baba zao waligawanya ardhi vipande vipande kwa ujinga. Awaeleze hesabu ya makonde matatu, awaache wafikiri wenyewe kwa nini mtu mwenye akili angetaka ngwe mahali pengi. Kisha awaeleze pia hasara zake. Mtoto aliyefahamu sababu ya desturi aweza kuihukumu kwa haki. Asiyeifahamu huweza kuidharau tu au kuisifu tu.

La pili ni la kazi yetu ya kukusanya maneno. Laxton inajulikana kwa sababu Mark Pierce aliandika jina la kila ngwe na la mwenyewe miaka 317 kabla ya nchi kununuliwa na wizara, na kwa sababu mabaraza yaliandika faini zake. Katika nchi zetu wazee wajuao majina ya vipimo vya kamba na vya hatua, majina ya mimea ya mipakani, majina ya ardhi iliyopumzishwa mwaka wa kwanza na ya ile iliyopumzishwa miaka mingi, na maneno yaliyosemwa mbele ya baraza mpaka ulipogombewa, wanapungua kila mwaka. Kila kabila lina maneno yake, na mengi hayamo katika kamusi yo yote. Twawasihi walimu na mapadre wayaandike kama yatamkwavyo, pamoja na jina la mahali na mwaka, na wasingoje mpaka wawe na mengi. Hata orodha ya maneno kumi, ikiwa imeandikwa kwa uangalifu, itamwonyesha msomaji wa baadaye jinsi watu walivyokaa pamoja katika ardhi moja.